Funguo Iagize, Batri Ilishe: Umeme wa Injeksio Ndani ya Motokari ya Zamani



Tumezoea kuongea hapa juu ya mbegu, mbolea na namna ya kukausha mahindi. Safari hii tunafungua kapo ya motokari. Sababu ni moja tu: mavuno yasiyofika soko hayalishi mtu. Tomate iliyoiva haingojei. Siku mbili tatu za jua ndani ya makasha, inaanza kuoza. Mahindi yaliyokaushwa vizuri yakinyeshewa juu ya motokari iliyokufa njiani, yanakunywa tena maji yote tuliyohangaika kuyatoa, na nyuma yake ukungu unakuja.

Motokari nyingi za koperative zetu, ikiwa ni barabara ya Kasenga, ya Kipushi ao ya Likasi, ni za zamani. Ni Hilux, Land Cruiser na Land Rover zilizozeeka kazini lakini shasi bado nzima. Kwa miaka hii ya mwisho nyingi zimetolewa moteri ya karbiratere na kuwekwa moteri ya injeksio. Hapo njo pane mpya zinaanza, na mara nyingi pane hizo si za moteri. Ni za waya moja tu: ile inayopeleka umeme wa kontakti kwenye injeksio. Waya hiyo ikiwa mbaya, koperative inanunua piesi moja nyuma ya ingine na motokari inaendelea kulala.

Andiko hili halitamufanya mtu kuwa fundi wa umeme. Ni la kumusaidia mwanamemba, shoferi na mama wa kese kuuliza ulizo la kweli mbele ya kulipa.

Kwa nini tunaingia ku injeksio

Mutu anaweza kusema: karbiratere ilikuwa inatosha, kwa nini kujitafutia mateso? Jibu liko sokoni. Moteri nyingi za okazio zinazopita Kasumbalesa, zikitoka kwenye bandari za Dar es Salaam na Durban, ni za injeksio. Hilux ya zamani iliyozaliwa na moteri 22R ya karbiratere inaweza kupokea ndugu yake 22R-E, ambayo ni moteri ya jamaa moja yenye injeksio. Land Cruiser yenye 3F nayo iko na ndugu yake, 3F-E. Vyuma vinashikana bila shida kubwa. Lakini umeme haushikani wenyewe.

Injeksio ya umeme si kitu kipya. Volkswagen ilianza kuuza motokari 1600 yenye injeksio ya Bosch, inayoitwa D-Jetronic, tangu mwaka 1967. Kwa hiyo haina uchawi wowote. Iko na masharti yake tu, na sharti la kwanza ni umeme safi.

Karbiratere haikuomba kitu

Moteri ya karbiratere inaomba umeme kidogo sana. Mara nyingi pompi yake ya esanse inasukumwa na moteri yenyewe, haina waya. Esanse inafika ku karbiratere kwa nguvu ndogo, chini ya nusu ya baa. Umeme unahitajika kwa bobini tu, ili bujia zitoe cheche. Bobini hiyo inakula ampere 3 ao 4. Funguo ya kontakti ya zamani ilitengenezwa kwa mzigo huo mdogo.

Injeksio ni nyumba ingine. Pompi yake ni ya umeme, inasukuma esanse kwa karibu baa 2 na nusu hadi 3, na peke yake inaweza kula ampere 5 hadi 8. Weka juu yake injektere, bobini, na kalkilatere, maana yake ule ubongo unaohesabu esanse ya kuingiza. Jumla inafika kwa urahisi ampere 15. Ukipitisha mzigo wote huo ndani ya funguo iliyogeuzwa kila siku kwa miaka 30, vyuma vyake vya ndani vinapata moto, volti zinashuka, na siku moja inaungua.

Kanuni ya kushika ni hii: funguo iagize, batri ilishe. Funguo inatoa amri ndogo tu. Chakula kinatoka moja kwa moja ku batri, kikipita ndani ya fizible na ndani ya rele. Rele ni kama mlinzi wa mlango: amri ndogo ya funguo inamugusa, naye anafungua mlango mkubwa.

Mitego mine

Mtego wa kwanza: waya ya radio. Kwenye funguo nyingi za Toyota kuna hatua zilizoandikwa ACC, ON na START. ACC ni ya radio na vitu vidogo. Wakati shoferi anafikisha funguo ku START ili demareri izunguke, funguo inakata ACC kusudi batri isaidie demareri. Kama fundi alichukua umeme wa injeksio ku ACC, moteri inazunguka bila kupata esanse wala cheche.

Koperative moja ya wakulima wa tomate, barabara ya Kasenga, ilikaa na shida hiyo karibu msimu mzima. Shoferi alikuwa akisema kila siku: «Nikishikilia funguo, haina kitu. Nikiachilia, njo inataka kuwaka.» Hakuna aliyemusikiliza. Walinunua pompi, kisha pompi ya pili, kisha kalkilatere ya okazio. Watu wakaanza kumuangalia mama wa kese kwa jicho baya, kana kwamba makuta yalikula njia ingine. Lakini shoferi alikuwa amekwisha kutoa jibu. Moteri inayotaka kuwaka wakati ule ule unaachilia funguo inasema: «Wakati wa START munaninyima umeme.» Demareri inakoma, ACC ao ON inarudi, na kwa sekunde moja moteri ingali inazunguka kwa nguvu yake, hapo njo inakamata cheche moja ao mbili. Waya ilipohamishwa ku mahali pake, ile kalkilatere ya kwanza, waliyoitupa nyuma ya depo, ilifanya kazi.

Mtego wa pili: waya ya bobini. Motokari nyingi za zamani zenye platine ziko na rezistansi mbele ya bobini. Inaweza kuwa kipande cheupe kama cha sahani, ao waya ya namna ya pekee iliyofichwa ndani ya fungu la waya. Kazi yake ni kushusha volti ili bobini na platine zisiungue. Wakati moteri inatembea, kwenye alama ya + ya bobini hiyo unaweza kupata volti 6 hadi 9 tu. Fundi anaona kwamba waya ile inapata umeme na funguo, anafurahi, anafunga injeksio pale. Taa ya kujaribia inawaka, kweli, lakini inawaka kwa uregevu. Pompi inazunguka polepole, kalkilatere inazimika-zimika, motokari inakosa nguvu ku mupando. Umeme wa injeksio lazima utoke mbele ya rezistansi, hapana nyuma yake.

Mtego wa tatu: kuunganisha waya mbili. Funguo fulani za zamani ziko na waya moja inayopata umeme ku ON tu, na ingine inayopata ku START tu. Fundi mwenye haraka anasema: «Tuzifunge pamoja, zote zitalisha injeksio.» Hatari! Waya ya START njo inayoamuru demareri. Ukizifunga pamoja, ukiweka funguo ku ON demareri inazunguka, na itaendelea hata moteri imekwisha kuwaka, mpaka meno yake yavunjike ao waya ziungue. Kama kweli hakuna waya moja yenye umeme katika hatua zote mbili, kila waya inapitishwa ndani ya diode yake, kisha zinakutana ku rele. Diode inaruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, na waya moja haiwezi kulisha mwenzake.

Mtego wa ine: moteri inakataa kuzimika. Unatoa funguo, moteri inaendelea. Watu wanacheka, wanasema motokari imepandwa na pepo. Pepo huyo ni ile taa ndogo ya alternatere ku tablo. Alternatere inayozunguka inarudisha umeme kidogo kupitia taa ile, na rele haiombi mengi, karibu sehemu moja ya kumi ya ampere inatosha kuishikilia. Dawa ni diode moja ndogo, kama ile ya 1N4007, ndani ya waya ya taa hiyo. Upande wenye mustari uelekee ku alternatere. Ni piesi ya bei ndogo sana.

Namna ya kufunga vizuri

Rele nyingi zinaandikwa nambari za Bosch, nazo ni nyepesi kushika. 30 ni umeme wa batri. 87 ni umeme unaotoka kwenda ku kazi. 86 ni amri ya funguo. 85 ni masi. Ku michoro mingi ya Ulaya utakuta pia 15, maana yake umeme wa kontakti, 50 amri ya demareri, na 31 masi.

Kutoka ku + ya batri, vuta waya ya milimita mraba 4. Karibu kabisa na batri, umbali wa shubiri moja, weka fizible ya ampere 20. Waya inaingia ku 30 ya rele kubwa. Ku 87 inatoka kwenda kulisha kalkilatere na injektere. Ku 86 leta waya ya funguo ile yenye umeme ku ON na ku START. Ku 85 peleka masi nzuri.

Pompi ipate rele yake ya pili na fizible yake ya ampere 15, na waya ya milimita mraba 2 na nusu. Unene huu si mapambo. Pompi iko nyuma, mita 5 kutoka batri. Kwa waya ya milimita mraba 1, ampere 8 zinapoteza volti 0.7 njiani. Kwa waya ya 2.5, zinapoteza chini ya 0.3. Ni kama kumwagilia bustani kwa mupira mwembamba: maji yanatoka, lakini mistari ya mwisho inakauka.

Rele ya pompi isiamriwe na funguo peke yake. Ku Toyota 22R-E, pompi inapata umeme wakati demareri inazunguka, kisha inaendelea tu kama kuna hewa inayoingia ndani ya moteri. Moteri ikizimika, pompi nayo inasimama. Mpango huo ni wa kuokoa maisha: motokari ikipinduka na mupira wa esanse ukikatika, pompi iliyofungwa moja kwa moja ku funguo itaendelea kumwaga esanse juu ya moteri yenye moto. Fundi akikwambia «tunaruka ile rele, ni ya bure», mukatalie.

Vitu viwili vidogo vinasahauliwa mara kwa mara. Cha kwanza, kalkilatere ya Toyota iko na waya ya akili, inayoandikwa BATT. Hiyo inapata umeme saa zote, hata funguo ikiwa imetolewa. Cha pili, iko na waya STA inayopashwa habari na waya ya demareri, ili iongeze esanse wakati wa kuwasha. Bila STA, asubuhi za baridi za mwezi wa 6 na wa 7 motokari itachelewa sana kuwaka.

Mwishoni, masi. Umeme unaokwenda lazima urudi. Kable nene kutoka ku – ya batri mpaka ku moteri, na ingine kutoka moteri mpaka ku shasi. Masi za kalkilatere zifungwe ku moteri yenyewe, juu ya chuma kilichosuguliwa mpaka king'ae. Rangi na kutu havipitishi umeme.

Kupima: dakika kumi tu

Hapa njo mahali koperative inaweza kuokoa makuta. Munahitaji miltimetri moja ya kawaida, na taa ya kujaribia yenye waya mbili. Weka motokari ku nyutro, vuta freni ya mukono, weka mawe ku magurudumu.

Kwanza batri. Funguo ikiwa imetolewa, na motokari imepumzika, batri iliyojaa inaonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.2, imebaki karibu nusu. Mutu mmoja azungushe demareri, mwingine asome: volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka zaidi, ichajiwe na kupimwa tena mbele ya kulaumu kitu kingine.

Pili waya ya amri, pale ku 86. Funguo ikiwa imetolewa: sifuri. Ku ON: umeme uko. Ku START: umeme ungali uko. Hii ya tatu njo ambayo watu hawapimi. Taa ikizimika ku START, mumepata ugonjwa, na pompi haina kosa.

Tatu, chakula chenyewe. Wakati demareri inazunguka, pima volti ku batri, halafu ku 87, halafu ku pompi. Tofauti kati ya batri na pompi isipite nusu ya volti. Ikipita, kuna waya nyembamba, kiungo kibaya, ao rele iliyochoka.

Ine, masi. Weka waya moja ya miltimetri ku – ya batri na ingine ku chuma cha moteri, demareri ikizunguka. Ikionyesha zaidi ya nusu ya volti, kable ya masi ni mbaya.

Andikeni namba hizo zote ndani ya kaye ya motokari, na tarehe. Siku ya pane, mutakuwa na kitu cha kulinganisha.

Juu ya moto hatucheki

Fizible haichungi pompi wala kalkilatere. Inachunga waya isiungue. Ikikatika mara moja, inawezekana imezeeka. Ikikatika mara mbili, inasema kuna waya inayogusa chuma. Kuweka fizible kubwa zaidi, ao kuifunga na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ni kuichagua waya yenyewe iwe fizible. Nayo inaungua chini ya tablo, karibu na miguu ya shoferi, wakati nyuma kuna akina mama na bidoni za esanse.

Mipira pia. Ile ya karbiratere haikutengenezwa kwa nguvu ya baa 3. Moteri ikibadilishwa, mipira yote ya esanse ibadilishwe kwa mipira ya injeksio, pamoja na kole zake, na mupira wa kurudisha esanse ku rezervwari ufungwe. Mbele ya kugusa waya yoyote, ondoa kwanza – ya batri. Kizimamoto kikae mahali shoferi anaweza kukifikia bila kushuka.

Mbele ya kufungua kese

Tunaomba kila koperative yenye motokari ya namna hii ichukue uamuzi mu mukutano, mbele ya msimu kuanza, kwamba hakuna piesi ya umeme itakayonunuliwa bila majibu ya maulizo haya matano:

1. Umeme wa injeksio unatoka wapi: ku batri kupitia rele, ao ku waya fulani ya tablo?
2. Waya ya amri inabaki na umeme ku START? Nani aliipima, siku gani?
3. Ni volti ngapi zinafika ku pompi wakati demareri inazunguka?
4. Moteri ikizimika na funguo ikiwa ku ON, pompi inasimama?
5. Mchoro wa waya uko wapi?

Ulizo la tano lina uzito kuliko linavyoonekana. Fundi mwaminifu hachukii kuchora. Mustari wa batri, fizible, rele mbili, rangi ya kila waya: ukurasa mmoja unatosha. Kopi moja ikae ndani ya motokari, ingine kwa sekretere wa koperative. Fundi wa leo anaweza kuhama kesho, kwenda Kolwezi ao Kasumbalesa kutafuta kazi, na akienda na mchoro ndani ya kichwa chake, fundi anayefuata ataanza kukata waya akitafuta.

Na shoferi asikilizwe. Yeye njo anayekaa na motokari kila siku, kama mulimaji anavyokaa na shamba lake. Akisema «ikipata moto inakosa nguvu», ao «inawaka nikiachilia funguo», maneno hayo yaandikwe ndani ya kaye kama yalivyo. Mara nyingi yako na thamani kuliko piesi inayotaka kununuliwa.

Koperative zilizo na mashaka juu ya motokari yao zinaweza kuleta mchoro na namba walizopima kwa mufuatiliaji wetu wa eneo, siku ya ziara yake ya kila mwezi. Bila namba, yeye pia atakuwa akibahatisha tu.

Kazi njema mashambani, na safari njema mpaka sokoni.